Kwa nini lundo lililotulia miezi mingi humfukia opereta kwa sekunde moja

Kila masika hatukosi kusikia habari hizi: kifusi kimeporomoka, loda imefukiwa, kijana aliyekuwa akichota mchanga hakutoka. Mjadala unaofuata huwa ule ule. Mmoja husema lundo lilikuwepo tangu mwaka jana na halijawahi kumdhuru mtu, basi ni bahati mbaya. Mwingine hulaumu mvua. Wa tatu humlaumu opereta, eti alizubaa. Wote huruka swali lenye jibu, nalo ni hili: lundo hilo lilikuwa likichotwa vipi wiki kadhaa kabla ya siku hiyo?

Kwanza tukubaliane maneno. Lundo hapa ni mzigo wowote wa punje uliomwagwa ardhini ukisubiri kupakiwa: mchanga, kokoto, vumbi la mawe, moramu, makaa ya mawe, klinka ya saruji, chumvi, mbolea. Malundo ya namna hii yapo kwenye mitambo ya kokoto Lugoba na Kunduchi, yapo Mlolongo na Athi River, yapo bandarini Mtwara ambako makaa ya mawe kutoka Ruvuma husubiri meli, na yapo kwenye kila kiwanja kinachojengwa ghorofa. Upande ambao mashine inachotea tutauita ukuta. Chini ya ukuta, pale baketi inapoingilia, ni kitako, na juu kabisa ni ukingo. Loda ni mashine ya matairi yenye baketi mbele. Eskaveta, ambayo wengi huiita kijiko, ni ya cheni na ina mkono mrefu. Buldoza ni lile tingatinga la kusukuma.

Kinacholishikilia lundo

Mwaga mchanga mkavu kutoka kwenye baketi kisha uuache ujipange wenyewe. Utajitandaza mpaka ubavu wake ufikie mwinamo fulani, halafu utatulia. Ukiongeza mwingine, punje zitateleza na mwinamo utarudi pale pale. Huo ndio mwinamo wa kutulia. Kwa mchanga mkavu ni kama digrii 30 hadi 35 kutoka usawa wa ardhi. Kokoto zenye kona kali hufika 35 hadi 40, kwa sababu kona hizo hukwamana.

Unaweza kuukadiria bila kifaa chochote. Lundo la mchanga mkavu lenye kimo cha mita 3 linatakiwa liwe limejitandaza kama mita 4 na nusu kutoka chini ya kilele hadi mwisho wa kitako. Ukikuta limejitandaza mita 2 tu, au ukuta umesimama wima, ujue kuna kitu zaidi ya msuguano wa punje kinachoushikilia. Kazi ya msimamizi ni kujua kitu hicho ni nini na kinaweza kuondoka lini.

Mara nyingi ni maji kidogo. Unyevu ukibaki kati ya punje hujenga utando mwembamba unaozivuta zikaribiane. Mtazame muuza duka anavyochota sukari kwenye gunia wakati wa unyevu. Kopo linaingia upande mmoja, shimo linazidi kuchimbika, na ukuta wa sukari unasimama wima kana kwamba umejengwa. Kopo la saba au la nane, ukuta wote unalala juu ya mkono wake. Hakuna kilichobadilika ghafla ndani ya gunia; kila kopo lilikuwa likiondoa kilichobeba sehemu ya juu.

Vitu vingine vinavyoshikilia ni vumbi laini lililochanganyika na mawe, uzito wa mashine zilizopita juu zikashindilia tabaka la juu, na ganda gumu linalojifanya juani baada ya mvua. Hivi vyote vina kasoro ile ile: havina nguvu sawa kila mahali, na huwezi kuviona kwa macho.

Hapa ndipo yanapoingia maneno ya "mwagia maji, itashikana". Ni kweli nusu. Maji kidogo hushikanisha. Yakizidi hata kujaza nafasi zote kati ya punje, ule mvuto hutoweka, mzigo huwa mzito zaidi na punje huanza kuteleza. Jua nalo likiukausha uso wa ukuta, mvuto hutoweka kwa njia ya pili. Ndiyo maana ukuta uliosimama usiku kucha wakati wa mvua unaweza kuanguka saa sita mchana jua likiwaka, na kila mtu akashangaa.

Na maneno ya "lundo limekaa mwaka mzima, limeshikana"? Kukaa hakulipi lundo uimara wa kuaminika. Vumbi la mawe la muda mrefu ndilo la kuogopwa zaidi, maana limeshikana kiasi cha kusimama wima likichimbwa chini, lakini halijashikana kiasi cha kubaki hivyo. Kokoto safi za robo tatu ya inchi, ambazo hazina vumbi, huwa na afadhali: ukizichota chini, za juu hutiririka papo hapo na lundo hubaki na mwinamo wake. Mzigo unaotiririka unakuonyesha hali yake kila unapochota. Wenye vumbi na unyevu unakuficha.

Baketi moja baada ya nyingine

Ajali yenyewe hujengeka hivi. Loda inachota kitakoni kwa sababu ndiko baketi inakojaa haraka. Mzigo wa juu haufuati. Baada ya safari kadhaa ukuta unakuwa wima, na baada ya nyingine chache, sehemu ya juu inabaki imetokeza mbele ikining'inia. Kipande kinachoning'inia chenye upana wa mita 3, kimo cha mita 2 na unene wa mita 1 kina mita 6 za ujazo. Mchanga wenye unyevu huwa na uzito wa kama tani 1.7 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo hapo juu ya mashine kuna tani 10.

Kipande hicho kikianguka kutoka mita 4, kinafika chini kwa sekunde 0.9, na kasi yake ni karibu kilomita 32 kwa saa. Anayesema "nitasikia ikianza kukatika nirudi nyuma" hajafanya hesabu. Kuingiza gia ya nyuma tu kunachukua zaidi ya hapo, na kwa mlio wa injini hakuna kitakachosikika.

Kuhusu kebini, watu wengi huamini kwamba chuma kile kinatosha. Fremu ya kebini imetengenezwa kumlinda opereta mashine ikipinduka, na paa lake kuzuia kitu kinachoanguka kutoka juu. Mchanga unafanya jambo jingine kabisa: unaegemea vioo, vioo vinavunjika, na kebini inajaa. Opereta anakosa hewa ndani ya mashine ambayo haina hata mkwaruzo paani. Kwenye malundo makubwa ya makaa ya mawe huko Marekani, baadhi ya mabuldoza hufungwa vioo vilivyoimarishwa na huwekewa vifaa vya kupumulia ndani ya kebini kwa sababu hiyo hiyo.

Loda ichoteje

Kanuni ya kwanza ni kimo. Ukuta usizidi pale baketi inapofika, ili chochote kinachotaka kutokeza juu kiweze kuvutwa chini kabla hakijawa kikubwa. Loda nyingi za mitambo ya kokoto hufika mita 4 hadi 5 baketi ikiinuliwa mpaka mwisho. Usikadirie. Isimamishe mahali tambarare, inua baketi, pima kutoka ardhini hadi kwenye meno, na namba hiyo iandikwe kwa rangi ndani ya kebini. Lundo likiwa na kimo cha mita 9 kwa sababu lilimwagwa na mkanda wa mtambo, na mzigo wenyewe hautiririki, loda haina kazi kitakoni mpaka eskaveta au buldoza ilishushe.

Opereta auingie ukuta uso kwa uso, baketi ikiwa chini na sawa na ardhi. Akishajaza, aikunje na arudi nyuma moja kwa moja. Asigeuze mashine mpaka awe amejitenga na ukuta kwa umbali unaozidi kimo chake, maana akigeuka karibu anaupa ukuta ubavu, na ubavuni ndiko kwenye kioo cha mlango. Achote kwa kufuata upana wote wa ukuta, toka mwisho huu hadi ule. Kuchimba sehemu moja kwa sababu hapo kuna mzigo mzuri kunatengeneza pango lenye kuta pande tatu, na loda iliyomo ndani yake inaweza kufunikwa kutoka upande ambao opereta hautazami.

Tipa linalosubiri lisimame wapi? Ukuta wima ukianguka na kutulia kwenye digrii 35, mzigo unasogea mbele kwa karibu robo tatu ya kimo cha ukuta, bila kuhesabu zile tani zinazobiringika kwa kasi zikapitiliza. Kwa hiyo mara moja na nusu ya kimo ndicho kipimo cha chini cha busara: ukuta wa mita 4, mita 6. Dereva abaki ndani ya kebini au asimame mahali palipotengwa. Tanboi asiwe na sababu yoyote ya kusogea kitakoni, wala kukaa kivulini mwa lundo wakati wa kusubiri zamu. Kivuli cha ukuta mrefu saa nane mchana kinavutia, na wenye kiwanja wanalijua hilo. Wakijenga kibanda cha kupumzikia sehemu nyingine, tatizo hilo linaisha kwa gharama ya mabati machache.

Kuna kosa moja linalostahili kutajwa peke yake kwa sababu huonekana ni uchapakazi: tipa linamwaga mzigo mpya juu huku loda inachota chini, upande ule ule. Tipa linaongeza uzito ukingoni na loda inaondoa kilichobeba uzito huo. Ama ukingo unakatika na tipa linashuka, ama ukuta unamwagikia loda. Upande unaochotwa usimwagiwe kitu. Lundo likiwa dogo kiasi kwamba haliwezi kugawanywa, kazi ya juu na ya chini zipeane saa.

Na pale tipa linapomwagia juu, liwekewe tuta la kuzuia matairi, lenye kimo kisichopungua katikati ya tairi la gari kubwa kuliko yote yanayopanda hapo. Tuta hilo ni alama zaidi kuliko breki. Dereva akilisukuma kwa nguvu litaporomoka naye. Njia salama zaidi ni kumwaga mita kadhaa kabla ya ukingo kisha buldoza isukume, ikiacha kila mara mzigo kidogo mbele ya bleti, yaani bamba lake la kusukumia, ili mzigo unaofuata uusukume ule wa kwanza. Buldoza ikishuka kwenye mteremko ishuke moja kwa moja, isikate mteremko kwa ubavu.

Kuanzia juu

Eskaveta hubadilisha mambo kwa sababu inaweza kulipunguza lundo kutoka juu kwa ngazi, na wala haihitaji kusimama chini ya kitu. Ngazi ya mita 3 inatosha. Mashine inakaa juu ya ngazi, inachimba mbele na chini yake, na tipa linapakiwa pembeni au kwenye ngazi ya chini, baketi ikizunguka bila kupita juu ya kebini ya tipa.

Cheni zielekee ukingo moja kwa moja, na mota za kuendeshea ziwe nyuma. Zikikaa sambamba na ukingo na ardhi ikalegea, cheni moja itazama na mashine italala. Zikielekea ukingo, opereta anavuta wenzo na kuondoka nyuma.

Hatari ya hapa ni kujikata miguu. Mkono wa eskaveta unavutia mzigo kwake, na opereta anayetaka kumaliza anaweza kuchimba hadi chini ya cheni zake mwenyewe. Hesabu yake ni rahisi. Kwa ngazi ya mita 3 na mwinamo wa digrii 35, chora mstari kutoka kitakoni mwa ngazi kurudi juu: unatokea mita 4.3 nyuma. Mbele ya cheni isivuke hapo. Eskaveta ya tani 20 hufika mita 9 na zaidi kutoka katikati yake, kwa hiyo nafasi ya kufanya kazi ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuchora mstari. Rangi ya kupuliza au vigingi viwili vinatosha.

Mashimo yasiyoonekana

Malundo mengine huchotwa kutoka chini. Kwenye viwanda vya saruji na maghala ya makaa, kuna handaki chini ya lundo lenye midomo inayomwaga mzigo kwenye mkanda. Ikiwa mzigo ni mkavu, juu hutokea shimo la duara linaloonekana. Ukiwa na unyevu, hujikunja kama daraja juu ya uwazi, na kwa juu lundo linaonekana zima. Buldoza ikipita hapo, daraja linakatika na mashine inazama pamoja na opereta.

Kwa hiyo kila mdomo wa chini uwe na alama juu, kwa mfano bendera inayoning'inia kwenye waya usiofukiwa, na buldoza isiipite. Mkanda ukiwa unazunguka lakini hakuna kinachotoka, hiyo ni dalili kwamba uwazi umeshajengeka. Hapo kila mashine na kila mtu ashuke kutoka juu ya lundo, mdomo ufungwe, na daraja livunjwe kutoka pembeni. Makaa ya mawe yana shida ya ziada, kwamba yanaweza kujichoma yenyewe ndani na kuacha mapango. Moshi au joto linalotoka sehemu moja ya lundo lisichukuliwe kuwa jambo la wazima moto pekee.

Maji na dalili

Malundo makubwa yaliyowahi kuua wengi karibu yote yana maji kwenye kisa chake. Aberfan, huko Wales, tarehe 21 Oktoba 1966, lundo la mabaki ya makaa lililowekwa juu ya chemchemi liliteleza likaangukia shule: walikufa watu 144, kati yao watoto 116. Kiteezi, Kampala, Agosti 2024, lundo la taka liliporomoka baada ya mvua kubwa na kuua zaidi ya watu 30. Taka si mchanga na hazichotwi namna moja, lakini ubavu uliosimama kupita kiasi na maji yaliyokosa pa kutokea ni habari ile ile. Lundo lisikae mkondoni mwa maji, na mfereji wa kuyakatiza upande wa juu uchimbwe kabla tipa la kwanza halijamwaga.

Ukaguzi ufanyike asubuhi, baada ya kila mvua, na baada ya siku za jua kali zinazofuata mvua. Tafuta nyufa juu zinazokwenda sambamba na ukingo, kitako kilichovimba, maji yanayochuruzika chini, na punje zinazotiririka bila mtu kugusa. Dalili hii ya mwisho ina maana ya kuondoka sasa hivi. Nyufa zitazamwe kutoka pembeni au kwa droni kama ipo. Anayepanda hadi ukingoni kuukagua ufa anaongeza uzito wake mahali pabaya kuliko pote.

Kukiwa kumeshatokea kichwa kinachoning'inia, loda isikisogelee, hata "kukigonga kidogo tu". Zuia eneo, leta eskaveta yenye mkono mrefu, isimame pembeni nje ya njia ya anguko, cheni zikiwa tayari kuondoka, na ikishushe kidogo kidogo kuanzia juu. Kama haipo, usaidizi ni kumwaga mzigo mwingine kitakoni kwa kuusukuma kutoka mbali mpaka ukuta uwe umeegemea kitu. Ni polepole na inaudhi wenye haraka, lakini inafanya kazi. Mwisho wa zamu ukuta usiachwe wima kwa watoto na wachota mchanga wa usiku. Uvunjwe hadi mwinamo wake. Kanuni za migodi za Marekani zinalitaka jambo hili wazi, na hapa kwetu Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya 2003 na ile ya Kenya ya 2007 zinamtwika mwajiri wajibu wa kuondoa hatari anayoijua.

Mtu akifukiwa

Mashine zote zizimwe, isipokuwa ile inayohitajika na ambayo imepewa mtu mmoja wa kuiongoza. Piga simu: 114 kwa Zimamoto Tanzania, 999 au 112 Kenya. Kisha mtu mmoja asimame mahali pa kuuona ukuta na asifanye kazi nyingine, kwa sababu anguko la pili huwakuta waokoaji wakiwa wameinama.

Usimfunge kamba umvute kwa loda. Mchanga uliomfikia kiunoni unambana kwa nguvu kuliko viungo vyake vinavyoweza kustahimili. Baketi pia isichimbe karibu naye. Pangeni mbao au mabati kumzunguka ili mzigo usizidi kumwagikia, chimbeni kwa mikono na makoleo mafupi, muanze na uso, kisha kifua. Kila anapotoa pumzi mchanga huingia nafasi ile na kumnyima kuvuta nyingine, kwa hiyo kifua ndicho kinachogombaniwa na dakika. Akitoka akiwa anaongea na anasema yuko sawa, bado aende hospitali, na anayempeleka awaambie madaktari amebanwa kwa muda gani na sehemu gani: misuli iliyobanwa muda mrefu huachia sumu kwenye damu mara tu inapoachiwa, na figo na moyo vinaweza kushindwa saa kadhaa baadaye.